Waimbaji Walihamia Ndekule, Meza Zikabaki Sikinde: Uchambuzi wa Kisa cha 1985

Mwaka 1985 mfanyabiashara Hugo Kisima, mmiliki wa bendi ya dansi ya Orchestra Safari Sound, aliivunja bendi yake iliyokuwa ikitamba kwa mtindo wa Masantula na kuisuka upya. Hakwenda kutafuta vijana wa kuwafundisha. Alikwenda moja kwa moja kwa DDC Mlimani Park, maarufu kwa jina la mtindo wake, Sikinde, bendi iliyokuwa ikijaza kumbi za Dar es Salaam kuliko karibu zote, akawasajili wanamuziki kadhaa wa mstari wa mbele. Miongoni mwao walikuwamo Muhidin Maalim Gurumo, Hassan Rehani Bitchuka na mpiga gitaa Abel Balthazar. Bendi mpya ikaitwa International Orchestra Safari Sound, na mtindo wake ukaitwa Ndekule.

Kwa hesabu ya kawaida, Mlimani Park ilikuwa imekwisha. Gurumo na Bitchuka hawakuwa waimbaji wa kujazia kwaya. Ndizo sauti ambazo mtu akiwasha Radio Tanzania anajua hii ni Sikinde kabla mtangazaji hajasema neno. Ukiiondolea bendi sauti hizo unabaki na vyombo, jina na deni la bia.

Lakini Sikinde haikufa, ipo hadi leo. Ndekule ndiyo iliyozimika. Wengi wanaosimulia kisa hiki hukisimulia kwa upande wa wanamuziki: nani aliahidiwa nini, nani aligombana na nani, kiongozi King Michael Enoch aliyebaki Sikinde aliipangaje upya safu. Hayo yana uzito wake. Mimi nitakisoma kwa upande wa pili wa jukwaa, kwa watu waliokuwa wamekaa mezani, kwa sababu naamini jibu liko kwao. (Niseme mapema kwamba mimi ni shabiki wa Msondo, bendi pinzani. Nikiisifia Sikinde humu ndani, msomaji ajue imenigharimu.)

Kwanza tuone bendi hizi zilikuwa mali ya nani. Mlimani Park ilianzishwa 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi iliyojulikana kwa kifupi TTTS, na 1983 ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, lililokuwa na baa na kumbi mjini. Msondo, mpinzani wake, ilizaliwa 1964 kama NUTA Jazz, bendi ya chama cha wafanyakazi. Chama kilipobadilika kuwa JUWATA, bendi nayo ikawa JUWATA Jazz; kilipokuwa OTTU, ikawa OTTU Jazz, mpaka mwisho jina la mtindo likawa ndilo jina la bendi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana, Bima Lee ya Shirika la Bima, Urafiki Jazz ya kiwanda cha nguo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa anayelipwa mshahara. Gitaa, spika na tarumbeta vilikuwa vya mwajiri, na jina la bendi lilikuwa la mwajiri pia. Mwanamuziki alipoondoka aliondoka na koo lake na vidole vyake.

Ndiyo maana kuhama kulikuwa jambo la kila mwaka. Tena Sikinde haikuwa na haki ya kulia sana, kwani Gurumo mwenyewe ilimpata kutoka Msondo, na wenzake wengine walitoka Dar International ya Marijani Rajab. Bendi iliyozaliwa kwa kuvuna mashamba ya wengine ilivunwa na yenyewe. Tofauti ya 1985 ni kwamba mvunaji hakuwa shirika la umma. Alikuwa mtu binafsi mwenye vyombo vyake, mwaka uleule ambao nchi ilikuwa inaanza kulegeza kamba za uchumi.

Jambo la pili ni fedha. Kurekodi kulikuwa Radio Tanzania Dar es Salaam (RTD), na wimbo ukishapita hewani ulisikika kutoka Bukoba mpaka Mtwara, lakini redio haikumlisha mwanamuziki. Fedha ilikuwa mlangoni na kaunta. DDC ilikuwa inauza bia, na bendi ndiyo iliyomleta mnywaji. Sasa jiulize mnywaji gani anaifaa kaunta. Anayekuja peke yake kumsikiliza Bitchuka atakunywa mbili, ataguswa moyo, ataondoka. Anayekuja na wenzake saba wakaunganisha meza mbili, kreti ikakaa chini ya meza na kila mmoja anatoa raundi yake, huyo haondoki. Hata akitaka kuondoka, zamu yake ya kutoa raundi haijafika, au imefika na anaona aibu kukimbia.

Hapo ndipo kisa chetu kinapoanza kueleweka.

Kumbi zile hazikuwa kumbi za tamasha kwa maana ya watu kukaa kimya wakitazama mbele. Meza zilizunguka uwanja wa kuchezea, na nusu ya wakati mtu alikuwa ameelekeza uso kwa wenzake, siyo kwa bendi. Wimbo wa dansi wenyewe umejengwa kwa mpangilio huo. Sehemu ya kwanza ni ya polepole, yenye shairi na kisa: ndoa iliyovunjika, mtoto aliyesahau wazazi, rafiki aliyegeuka. Watu husikiliza, wengine hucheza taratibu wawili wawili, na mazungumzo ya mezani yanaendelea kwa sauti ya chini. Kisha linakuja chemko. Magitaa yanabadilika, tarumbeta na saksofoni zinajibizana, shairi linaisha na kubaki vibwagizo, na meza nzima inasimama. Kwenye chemko hakuna wawili wawili tena. Ni mduara au mstari, na mtu wa Ilala anajikuta bega kwa bega na mtu wa Magomeni ambaye hajui jina lake ila anajua kila Jumamosi yupo.

Na kwenye chemko ndipo panapofanyika jambo ambalo mgeni huliona kama mbwembwe tu. Mtu anainuka mezani. Shati limenyooshwa, amechomekea, leso begani. Hakimbilii jukwaani. Anacheza polepole kuelekea huko, akiwapa watu nafasi ya kumwona, noti imekunjwa kwa urefu katikati ya vidole viwili. Akifika anaipachika kwenye paji la uso la mwimbaji au anaichomeka kwenye mfuko wa shati lake, anazunguka mara moja, anarudi. Mwimbaji hakatishi wimbo. Baada ya mistari miwili mitatu, ndani ya kibwagizo kilekile, linasikika jina: fulani wa Ilala Bungoni, fulani na kundi lake. Meza yake inainua chupa. Meza za pembeni zinageuka kutazama, na mmoja kutoka meza ile nyingine, ambaye usiku kucha alikuwa ametulia, anaanza kupapasa mfuko.

Kile alichonunua yule bwana kwa noti yake ni kutajwa mbele ya watu wanaomjua. Mkazo uko kwenye hayo maneno ya mwisho. Jina lako likitajwa na Gurumo mbele ya watu wasiokufahamu halina kazi. Likitajwa na mwimbaji chipukizi mbele ya jirani zako, wadeni wako, shemeji yako na yule mnayeshindana naye kazini, litazungumzwa wiki nzima. Kwa hiyo mtuzaji anamhitaji mwimbaji, lakini anawahitaji zaidi mashahidi.

Wenzetu wa taarabu wamelijua hili zamani. Pale akina mama huja na sare, wamepanga kundi lao lote rangi moja, na mtu akiinuka kwenda kutuza kwenye ubeti fulani, ukumbi mzima unajua ubeti ule umemlenga nani aliyekaa upande wa pili. Mwimbaji anakuwa kama tarishi tu, barua ni ya kati ya meza na meza. Kwenye dansi mambo si makali kiasi hicho, lakini mfumo ni uleule.

Sasa rudi 1985. Kisima alisajili waimbaji, na kwa kweli mwanzoni watu walimiminika. Ndekule ilikuwa gumzo, nyimbo zake zilipigwa redioni, na hakuna sababu ya kudai kwamba bendi ilikuwa mbovu. Ilikuwa nzuri sana. Wapo ambao hadi leo hushikilia kwamba Gurumo na Bitchuka hawajawahi kuimba vizuri kama walivyoimba Ndekule. Sitabishana nao.

Tatizo ni kwamba mashahidi hawakuhama.

Angalia ramani. Makao ya Safari Sound yalikuwa Safari Resort, Kimara. Leo Kimara iko ndani ya mji, ina mabasi ya mwendokasi. Mwaka 1985 ilikuwa nje, barabara ya Morogoro, mji umekwisha nyuma yako. Daladala zilikuwa zimehalalishwa miaka miwili tu kabla, na mabasi ya UDA yalikuwa machache hata mchana. Mtu wa Kariakoo, Ilala, Buguruni au Magomeni alikwenda DDC Kariakoo kwa miguu na akarudi kwa miguu, na njiani alipita kwa watu watatu kuwachukua. Kimara alihitaji gari, au rafiki mwenye gari, au moyo wa kukesha mpaka kukuche. Bendi ilizunguka kumbi nyingine pia, ni kweli, lakini bendi inayozunguka kila siku ni mgeni kila inapofika. Anayekwenda kuiona anakwenda kuiona bendi. Hana uhakika kwamba atamkuta yule wa meza ya kona.

Uhakika huo ni jambo kubwa kuliko linavyoonekana. Mwaka ule hapakuwa na simu ya mkononi ya kumuuliza mtu uko wapi. Ratiba ya bendi ndiyo iliyokuwa simu. Ukijua Sikinde leo iko ukumbi fulani, umejua pia wapi utampata fundi wako, mwenzako wa chama cha kuzikana, mtu anayekudai na mtu unayemdai. Nyuma ya meza hizo zilikuwapo kamati za wapenzi zenye mwenyekiti na mweka hazina, zilizochangia msiba wa mwanachama, harusi ya mtoto wake, na mwanamuziki aliyelazwa hospitali. Mchango ulikusanywa ukumbini kwa sababu ukumbini ndipo kila mtu alipo. Ukihamia Ndekule peke yako umemfuata Bitchuka na umewaacha watu wa kukuzika. Kuhamisha kamati nzima ni kazi nyingine kabisa, na hakuna mkataba wa Kisima ulioigusa.

Tena kuna upinzani. Mtu wa Sikinde ni mtu wa Sikinde kwa sababu kuna mtu wa Msondo. Hili halikuanza na dansi. Pwani hii imekuwa ikijigawa pande mbili kwa ajili ya ngoma tangu enzi za ngoma ya beni na pande zake, Marini na Arinoti. Tanga ikawa na Black Star na Lucky Star kwenye taarabu. Dar es Salaam nayo ilikuwa na Egyptian na Al-Watan kwenye taarabu kabla Msondo haijafikiriwa. Upande mmoja hauwezi kuishi bila mwingine. Utani wa kazini Jumatatu asubuhi, kejeli za nani alikuwa na watu wachache Jumamosi, hayo yote yanahitaji kambi mbili zinazojulikana. Ndekule ilikuja kama kambi ya tatu, na ya tatu haina mpinzani wake wa kuzaliwa naye. Shabiki wa Msondo alimtania nani? Aliendelea kumtania wa Sikinde, tena safari hii akiwa na silaha mpya: waimbaji wenu wamewakimbia. Na nadhani kejeli hiyo ndiyo iliyoiokoa Sikinde kuliko usajili wowote. Hakuna kitu kinachomfunga mtu kwenye kambi yake kama kutaniwa kwamba kambi imekufa. Unakwenda ukumbini wiki hiyo hata kama ulikuwa na homa. Wapenzi wa Simba na Yanga hawahitaji kuelezwa hili: mshambuliaji akivuka mtaa kwenda kwa mtani, jezi ya mwenye nyumba haibadiliki.

Kuna hoja inayopingana nami, na ni nzito. Kama sauti si kitu, mbona bendi ziligombania waimbaji kwa miaka yote hiyo? Mbona Gurumo aliporudi Msondo mwanzoni mwa miaka ya 90 watu tulifurahi kiasi kile? Mbona mwimbaji wake TX Moshi William alipofariki Machi 2006 ilionekana kwamba Msondo imepoteza nusu ya mwili wake?

Sisemi sauti si kitu. Sauti nzuri humleta mtu mara ya kwanza, na ndiyo inayompa cha kujivunia mbele ya mtani. Bendi yenye waimbaji wabovu kwa miaka mitano mfululizo itapoteza meza zake moja baada ya nyingine, kwa sababu hakuna anayetaka kutajwa jina na mtu asiyejua kuimba. Ninachosema ni kwamba mambo haya mawili hayaendi kwa kasi moja. Mwimbaji anahama kwa siku moja. Meza inahama kwa miaka, kama inahama. Katika pengo hilo la muda bendi yenye kiongozi mzuri inaweza kujipanga, na Sikinde ilikuwa naye. Michael Enoch, aliyekuwa na heshima tangu enzi za Dar es Salaam Jazz, alibaki, akaingiza sauti nyingine, akahakikisha mlio wa bendi haubadiliki. Shabiki aliyefika DDC Kariakoo wiki zile alisikia magitaa yaleyale na safu ya tarumbeta ileile, mbele yake wako watu wapya anaowapima kwa jicho la husuda kidogo. Alikuwa na subira kwa sababu hakuwa na haraka ya kwenda popote. Bia yake ilikuwa mezani na wenzake walikuwapo.

Upande wa Kisima pengo hilohilo lilifanya kazi kinyume. Alikuwa na gharama zote tangu siku ya kwanza, mishahara mikubwa ya nyota na vyombo, lakini meza zake zilikuwa za wapita njia. Shirika kama DDC lingeweza kuvumilia miezi mibaya kwa sababu lilikuwa na biashara nyingine na bajeti nyingine. Mtu binafsi anapiga hesabu kila mwisho wa mwezi. Ndekule ilipozimika wanamuziki wake walitawanyika, na mwelekeo waliouchukua unaeleza kila kitu: Bitchuka alirudi Sikinde, Gurumo akaishia Msondo alikokuwa kabla ya Sikinde. Walirudi zilipo meza. Na walipokelewa. Sijawahi kusikia kwamba Bitchuka alizomewa DDC Kariakoo kwa usaliti. Alichofanyiwa ni kutaniwa kwanza, kisha kutuzwa.

Mtu anayeonyesha jambo hili vizuri zaidi ni mwimbaji marehemu Shaaban Dede. Huyu alivuka kwenda huku na huku mara nyingi kuliko wote, Msondo, Sikinde, Bima Lee, Ndekule yenyewe, akirudi na kuondoka tena, na hakuna kambi iliyomfungia mlango. Kila alikokwenda alikuta wenyeji wamekaa kwenye viti vyao. Alipofariki Julai 2017 alikuwa Msondo, lakini waliomlilia walikuwa wa pande zote.

Kuna sehemu ya mfumo huu isiyopendeza, na wapenzi wa dansi hatupendi kuizungumza. Ikiwa meza ni za ukumbi na jina ni la mwajiri, mwanamuziki anabaki na nini? Gurumo aliimba karibu nusu karne. Alipostaafu 2013 hakuwa na gari, mpaka kijana wa muziki wa kizazi kipya, Diamond Platnumz, alipomzawadia moja. Wengi walipiga makofi, na ilistahili. Lakini sisi tuliokuwa tunakwenda kuchomeka noti moja kwenye mfuko wake ili tutajwe tulipaswa kujiuliza noti zile zilikuwa za nani hasa. Zilikuwa zetu wenyewe, tulikuwa tunatuzana kwa kupitia kwake. Mwaka uliofuata, Aprili, alifariki, na kamati zilichanga kama kawaida.

Hali ya kumbi imebadilika sana tangu hapo. Redio binafsi zilikuja kuanzia 1994, disko likawa rahisi kuliko bendi ya watu kumi na tano, na muziki wa kizazi kipya ukahamishia vijana kwenye matamasha ya mara moja, ambako unakutana na watu elfu kumi usiowajua na hutawaona tena. Msondo na Sikinde waligundua kwamba wanauzika zaidi wakiwa pamoja, ndipo yakaja yale mapambano ya jukwaa moja, hasa siku za sikukuu, ukumbi ukigawanyika upande huu na upande ule kama zamani. Kamati nyingi sasa ni makundi ya WhatsApp, ambako tangazo la dansi la Jumamosi hufuatana na picha ya hati ya mchango wa msiba.

Na kwa anayedhani kisa cha 1985 ni cha wazee, aangalie bendi ya African Stars, maarufu kama Twanga Pepeta, miaka ya 2000. Bendi ile iliporwa waimbaji mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Banza Stone alitoka na kurudi. Ally Choki aliondoka akaanzisha Extra Bongo yake mwenyewe, akiwa na jina, sauti na vijana wa kucheza. Waliokuwa wakienda Mango Garden, Kinondoni, waliendelea kwenda Mango Garden. Baada ya miaka kadhaa Choki naye alirudi Twanga.